Ringi Mpya Ndani ya Silinda Iliyochoka

Injini ya Corolla yangu imefunguliwa mara mbili ndani ya miezi sita. Mara ya kwanza likizo ya Juni, mara ya pili likizo ya Desemba, na ugonjwa ulikuwa uleule: kula oili. Mimi nafundisha hesabu sekondari, naishi Uyole, na naona aibu kidogo kusema kwamba ile mara ya kwanza sikupima kitu chochote.

Gari lenyewe ni la miaka ya tisini, lina injini ya 4A-FE, ile ya cc 1,587. Sijui fundi wa Mbeya ambaye hajawahi kuishika. Nalitumia kwenda kazini, na msimu wa mpunga nalitumia karibu kila Jumamosi kwenda Ubaruku, tuna shamba huko. Ukiiacha lami, vumbi la kule linaingia mpaka kwenye meno. Chujio la hewa nilikuwa nalipuliza kwa upepo wa kujazia matairi, naligongagonga kwenye goti, nalirudisha. Kumbe lilikuwa limechanika pembeni, na mchanga mwembamba wa Ubaruku ulikuwa unapita moja kwa moja kwenda kusaga silinda, yale matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Moshi ulianza taratibu, na baridi ya Mbeya ilinificha mengi. Mwezi wa sita na wa saba kila gari linatoa mvuke mweupe asubuhi, hata la mkuu wa shule, kwa hiyo sikushtuka. Nilishtuka siku moja napandisha Inyala kurudi nyumbani, injini imeshapata moto, nikatazama kwenye kioo nikaona nyuma kumefunikwa na wingu la bluu. Lori lililokuwa linanifuata lilinipigia honi kama vile nimechoma shamba.

Baadaye nimejifunza kutofautisha. Ukiwasha asubuhi ikatoka pumzi moja ya bluu halafu ikakatika, mara nyingi ni sili za vali. Oili imechuruzika usiku kwenye mashina ya vali ikakusubiri. Lakini moshi ukitoka injini ikiwa ya moto, tena ukikanyaga mafuta mlimani, hapo tazama silinda na ringi, yaani pete za chuma zinazovikwa kwenye pistoni kuziba ukuta wa silinda. Langu lilikuwa la aina ya pili. Fundi wa mtaani naye aliliona hilo haraka, simlaumu kwa hilo.

"Mwalimu, hapo ni ringi tu," akaniambia. "Siku mbili unaondoka na gari lako."

Na kweli siku mbili zilitosha. Hedi, kile kichwa cha injini, ikatoka, sampo, lile karai la oili la chini, ikatoka, pistoni zikasukumwa juu, ringi za zamani zikavuliwa, mpya zikavikwa, kila kitu kikarudi. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kununua soda. Hakuna kilichopimwa. Boliti za hedi alizikaza kwa mkono na kwa kukunja uso. Nilipouliza kuhusu torki, yaani kipimo cha nguvu ya kukazia, akanionyesha msuli. Sampo aliifunga kwa silikoni nyingi, ile gundi ya kuzibia, ikachomoza pande zote kama siagi kwenye mkate wa mtoto. Nikaona huyo ndiye fundi asiye na uchoyo.

Karibu mwezi mzima gari halikutoa moshi. Kisha wingu likarudi, mwezi wa kumi nikawa naongeza lita moja kila kilomita 400 hivi, na juu yake ukaongezeka mlio: ko, ko, ko, injini ikipata moto na kuunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta.

Jirani yangu ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi wa magari maisha yake yote, sasa amestaafu na analima viazi. Sikuwa nimemwendea kwa sababu niliogopa kumsumbua. Huo ni ujinga, maana kumbe yeye alikuwa anausikia mlio ule kila jioni akiwa kwenye baraza lake, na unamkera.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa, mwalimu. Leta hilo gari hapa kesho, na uje na hicho kitabu chako."

Kitabu alichokisema ni mwongozo wa matengenezo niliokuwa nimeuchapisha kwenye duka la steshenari. Yeye alikuja na geji ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa inayobanwa ndani ya silinda, imechakaa lakini inasoma. Tukatoa plagi zote, nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikapiga stata. Silinda ya kwanza 130. Ya pili 126. Ya tatu 98. Ya nne 124. Nikafungua kitabu: injini nzuri psi 191 (pauni kwa inchi ya mraba), na chini ya 142 haikubaliki. Nikamwambia mzee kwamba kwa hesabu hiyo silinda zote nne zimekufa.

"Hicho kitabu kimeandikwa wapi?"

"Japani."

"Waliopima walikuwa karibu na bahari. Wewe uko wapi?"

Nikanyamaza. Ninafundisha uwiano kidato cha pili na sikuwa nimeliona hilo. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Pistoni inagandamiza hewa iliyoipata. Ukiipa hewa nyepesi, geji itasoma kidogo kwa uwiano uleule. Basi 191 ya kitabu kwetu ni kama 157, na 142 ni kama 116. Silinda tatu zilikuwa zimechoka lakini hai. Mgonjwa mahututi alikuwa mmoja. Isitoshe kitabu hichohicho kinasema tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14, na hapo unalinganisha silinda za injini moja, uwe Kyela bondeni au Isongole mlimani. Nimeshawasikia watu wa huku wakiambiwa injini zao zimekwisha kwa sababu ya namba za pwani, wakaenda kununua injini ya mtumba isiyo na afya kuliko waliyoitupa.

Mzee akamimina oili kama kijiko kimoja kwenye tundu la plagi la silinda ya tatu, tukapima tena: 127. Oili imeziba pengo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kama ingekuwa vali inayovuja, oili ile isingesaidia lolote.

"Ringi za Juni hizo," nikasema.

"Ringi hazina kosa," akasema. "Umemvisha mtu viatu vipya vya namba yake ya zamani."

Desemba shule zilipofungwa tukasimamisha miti mitatu ya mlingoti uani, tukafunga cheni bloku ya kunyanyulia, tukatundika turubai juu maana mvua ilikuwa haikatiki, na injini ikashuka. Binti yangu alipewa kazi ya kutunza boliti kwenye trei za mayai, kila kishimo na karatasi yake, na alikuwa mkali kuliko stoo kipa. Vali alizichomeka kwenye boksi la viatu lililotobolewa matundu kumi na sita, kila moja na jina la mahali ilipotoka.

Kitu cha kwanza kilichotustua hakikuwa hata ndani ya bloku, kile kiwiliwili cha injini chenye silinda. Kwenye nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hapakuwa na themostati. Kuna fundi wa siku nyingi, pengine kabla sijalinunua gari, aliitoa na kufunika. Wengi huku huitoa wakidhani wanaisaidia injini isichemke. Mzee aliponiuliza mshale wa joto ulikuwa unafika wapi asubuhi za Julai, nikakumbuka kwamba haukuwahi kufika katikati mpaka nifike kazini, na siku nyingine haukufika kabisa. Nilikuwa najisifu kwamba gari langu halichemki. Injini inayokimbia baridi inapewa petroli nyingi, sehemu ya petroli haiungui vizuri, inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyokuwa inazilinda. Mvuke nao unabaki kwenye oili na kuifanya tope. Miaka ya hivyo, kwenye mji wenye baridi kama huu, ndiyo iliyokula silinda, ikisaidiwa na vumbi la Ubaruku. Themostati mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82 niliinunua siku hiyohiyo, kabla ya kipuri kingine chochote.

Kitu cha pili kilikuwa ndani ya sampo. Chujio la pampu ya oili, lile linalonyonya kutoka chini, lilikuwa limezibwa karibu nusu na minyoo ya silikoni. Ile siagi ya Juni iliyochomoza nje, ilichomoza na ndani pia, ikakatika, ikanyonywa. Hapo nikaelewa mlio wa ko ko ko. Beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili unaozunguka chini ya injini, zilipotolewa, vipande vya upande wa juu, ule unaobeba pigo la moto, vilikuwa vimekwanguka mpaka shaba inaonekana. Oili ilikuwepo, imejaa hadi alama ya stiki, ila haikuwa inafika.

Sasa silinda. Hatukuwa na kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani, na mzee akasema hatukihitaji ili kujua kama kazi ipo. Akachukua ringi mpya ya saizi ya kawaida, akaiingiza kwenye silinda bila pistoni, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa. Chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki zikifanya kazi na ukuta haujalika, akapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya: milimita 0.35. Akaipandisha mpaka kama sentimita moja kutoka juu, akapima tena: 0.95.

Hapo nilifurahi kama mtoto, maana hesabu ilikuwa imenifikia uani kwangu. Mwanya wa ringi ni kipande cha mzingo. Mzingo ukiongezeka kwa milimita 0.60, kipenyo kimeongezeka kwa 0.60 gawanya kwa pai, yaani milimita 0.19. Silinda ya tatu haikuwa bomba tena, ilikuwa faneli. Silinda ya kwanza nayo ilitoa kama 0.13. Fikiria kazi ya ringi humo ndani: kila pistoni ikipanda ringi inatanuka, ikishuka inabanwa, na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hiyo ni safari mia moja kwa sekunde, kupanda hamsini na kushuka hamsini. Ringi gani itaziba hivyo? Juu kabisa palikuwa na kijiukingo unachokihisi kwa ukucha, mahali ambapo ringi za zamani ziliishia kula. Ringi mpya yenye kona kali ikigota hapo inaweza kuvunjika. Zangu hazikuvunjika, zilishindwa tu.

Kwa hiyo pale ambapo Juni nilinunua ringi, Desemba nilinunua pistoni nne za ovasaizi, yaani zilizozidi saizi ya kawaida, ya milimita 0.50 pamoja na ringi zake. Nilitaka kupeleka bloku kuchongwa kwanza wakati natafuta pistoni, mwenye mashine ya lezi akanikatalia. Lete pistoni, nichonge kufuata pistoni. Anazipima moja moja, kisha anachonga kila silinda iizidi pistoni yake kwa pengo lililo karibu na moja ya kumi ya milimita. Ukichonga kwa kubahatisha, pistoni zikija tofauti kidogo umeharibu bloku. Silinda zilizokuwa milimita 81 zikawa 81.5, na nikapiga hesabu kwamba injini imepanda hadi cc 1,607. Nikamtangazia mzee kwamba nimeongeza cc ishirini. Akaniambia niende nikashindane na mabasi ya Tunduma.

Kranki nayo ilikuwa na mikwaruzo inayokamata ukucha, ikasagwa chini kwa milimita 0.25. Beringi za saizi hiyo nilizipata dukani mjini, boksi limeandikwa 0.25 vizuri kabisa. Mzee hasomi maboksi. Aligeuza kila kipande kusoma mgongoni, na jozi moja ilikuwa imepigwa mhuri wa saizi ya kawaida. Nilirudisha, wakabadilisha bila neno, hata hawakushangaa.

Kazi iliyonichosha kuliko zote haikuwa ya spana. Bloku ikitoka kwenye mashine inang'aa, ina mistari myembamba inayokatana kama wavu, ambayo ndiyo inashika oili na kuzifundisha ringi mpya kukaa. Katikati ya mistari hiyo kuna unga wa jiwe la kusugulia. Nilikuwa nimeshaifuta kwa mafuta ya taa na kuridhika. Mzee akaomba kitambaa cheupe, akakipaka oili kidogo, akafuta silinda moja, kikatoka cha kijivu. Mafuta ya taa yanauhamisha unga ule, hayautoi. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Mama watoto alichemsha sufuria tatu za maji akiniuliza kama na mimi nitaogeshwa. Tulisugua mpaka kitambaa kikatoka cheupe, mara ya sita au ya saba, kisha tukakausha na kupaka oili papo hapo, maana kwa unyevu wa Desemba hapa Uyole chuma kitupu kinashika kutu ukiwa unakitazama.

Kufunga kulikuwa na raha yake. Tulipima nafasi ya oili kwenye beringi kwa ule uzi laini wa plastiki: unaukata, unaulaza juu ya shingo ya kranki inapokaa beringi, unafunga kofia ya beringi kwa torki yake, unafungua, unalinganisha upana uliobanwa na kipimo cha kwenye karatasi yake. Mara ya kwanza nilizungusha kranki kidogo ili "ikae vizuri" na uzi ukapakazwa kama dawa ya meno. Futa, rudia. Kofia za konrodi tulizirudisha kila moja kwa mwenzake na kwa uelekeo wake. Zilichongwa pamoja kiwandani, hazibadilishani. Ringi moja ya pili niliivunja mkononi kwa kuitanua kwa pupa. Ni chuma cha kumimina, hakipindi, kinakatika. Duka haliuzi ringi moja, nikanunua seti nzima kwa ajili ya ile moja.

Boliti za hedi ni kumi, na hazilingani: za upande wa inteki, unaoingiza hewa, zina milimita 90, za upande wa egzosi, unaotoa moshi, 108. Bila trei za binti yangu ningechanganya. Ukiweka fupi upande wa ndefu inashika nyuzi chache tu, na hutajua mpaka siku zitakapong'oka. Matundu yake tuliyakausha kwa kitambaa na upepo, kwa sababu oili ikibaki chini ya tundu boliti inaibana oili badala ya hedi, torki inakudanganya, na bloku inaweza hata kupasuka. Kisha nyutoni mita 29 kwa mpangilio wa kuanzia katikati, halafu robo mzunguko, halafu robo tena. Ili nisipoteze hesabu niliweka tone la rangi ya kucha kwenye kila kichwa cha boliti. Nyekundu, mpaka leo zipo.

Silikoni kwenye sampo: uzi mmoja mwembamba. Niliipaka mimi mwenyewe, na mzee alisimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani.

Kabla ya kuwasha tulitoa plagi, tukakata petroli, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazimika. Tukarudisha vitu, nikawasha. Iliwaka mara ya pili. Nilidhani ndipo ningeiacha ipate joto taratibu iungurume saa nzima hapo uani, watu waje waione. Mzee, baada ya kutazama uvujaji na kuona mshale wa joto umepanda na kusimama katikati, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye gari hilo, alishafungua mlango wa abiria.

"Twende Isongole."

Ringi mpya hazikai kwa kuungurumishwa. Zinakaa kwa mgandamizo wa gesi ya moto unaozisukuma kwenye ukuta, na hilo linataka mzigo. Barabara ya Tukuyu imeumbwa kwa kazi hiyo: gia ya tatu, kanyaga nusu, panda bila kulilazimisha, ukifika juu achia mafuta kabisa, gari lishuke likishikwa na gia, oili inyonywe kidogo juu ioshe. Panda tena. Tulifanya hivyo mpaka Mlima Rungwe ulipofunikwa na ukungu na mzee akataka kushuka kukagua viazi vya watu. Kurudi, nilitazama kwenye kioo zaidi kuliko nilivyotazama mbele.

Kilomita 500 za kwanza zilipofika tulimwaga oili. Ilikuwa na mng'aro wa unga mwembamba sana wa chuma, mzee akaisugua kati ya vidole viwili, akanusa, akafuta kwenye nyasi. Hakusema kitu, akauliza kama kuna chai.

Sasa ni mwezi wa tano. Kati ya kumwaga oili na kumwaga tena siongezi. Ila kila asubuhi chini ya gari, pale bloku inapokutana na giaboksi, kuna tone moja kwenye boksi nililolitandika. Ni sili ya nyuma ya kranki. Desemba niliitazama, nikaibonyeza kwa kidole, nikaiona bado laini, nikaiacha nilipohesabu pesa iliyobaki. Mzee alikuwa ameenda kula. Ili kuifikia inabidi giaboksi ishuke, na miti ya mlingoti bado ipo, nimeilaza nyuma ya jiko nikisubiri likizo ya Juni.